Filta ya Shemeji

Spana alirudi nyumbani kabla ya adhuhuri, sanduku la vifaa begani, amevaa fulana na bukta aliyozoea kuivaa ndani ya ovaroli. Dada yake alikuwa barazani anamsuka mteja. Alipomwona mdogo wake anavuka barabara na mavazi yale, vidole vyake viligota katikati ya mstari.

"Ovaroli iko wapi?" aliuliza, maana ndilo lililomjia mdomoni kwanza.

"Ovaroli ni mali ya kampuni." Spana alitua sanduku chini, akajaribu kucheka, kicheko kikakataa. "Tumeachishwa, dada. Kikosi kizima cha huduma. Mlinzi ametuvua pale getini kama watoto wanaopelekwa kuoga, halafu akapekua sanduku langu, spana moja moja, asije akapoteza hata nati ya watu."

Mteja alijitia hasikii, ingawa si rahisi kujitia husikii wakati kichwa chako kiko mikononi mwa mmoja wa wanaozungumza.

"Kisa nini?"

"Kisa filta. Meneja anasema sasa kila mwendeshaji wa mtambo anaweza kubadilisha mwenyewe, kazi yetu imekwisha. Ametushukuru sana. Amesema tumeandika historia." Spana akakaa kwenye ngazi, akaangalia magoti yake yaliyo wazi kana kwamba ndiyo kwanza anayaona. "Shemeji sikumwona. Maskini, akisikia atachanganyikiwa. Usimlaumu, dada. Yeye amechora kitu kizuri, wao ndio wamekigeuza."

 Dada yake alirudisha vidole kwenye nywele, akamaliza mstari, na mstari ule ukatoka umepinda.

Filta yenyewe ilikuwa imekaa katika nyumba ile kama mgeni asiyeaga. Mume wa dada huyo, shemeji yake Spana, alikuwa mchoraji wa karakana katika kampuni iliyokodisha mitambo ya kuchimba na kusawazisha ardhi, na watu wote kazini na mtaani walimwita Mchoraji. Kwenye mitambo ile, tangi la oili ya haidroliki lilikuwa na filta chini kabisa, ndani. Kuibadilisha ilikuwa shughuli pevu. Oili yote ilimwagwa kwenye mapipa, bolti za kifuniko zikafunguliwa, kisha mtu akalala kifudifudi juu ya tangi na kuzamisha mkono hadi kwapani akiitafuta. Mtu huyo mara nyingi alikuwa Spana. Mkono wake wa kulia ulikuwa na baka la kuungua kuanzia kiwiko, kumbukumbu ya siku walipoharakishwa kabla oili haijapoa.

Mchoraji aliliona baka lile kila siku mezani, maana Spana aliishi nao. Akakuna kichwa, akachora, akafuta, akachora tena. Mwisho akatoka na filta inayoning'inia kutoka kifuniko cha juu kama ndoo kisimani. Unazungusha mpini kwa mkono mtupu, unaivuta juu, na chini yake vali ya springi inajifunga yenyewe, oili ibaki ilipo. Unashusha mpya, unazungusha, unawasha mtambo. Hakuna pipa, hakuna kulala kifudifudi. Ilikuwa kazi ya akili kwelikweli, na hata siku alizokuja kumchukia, mkewe hakuwahi kusema vinginevyo.

Majaribio mengi yalifanyika kwenye meza ile ile waliyolia chakula. Mchoraji alileta kielelezo cha bati na tangi dogo, wakaweka maji mahali pa oili, na Spana akawa anaifungua na kuifunga. Kwa mkono wa kushoto. Kwa glavu zilizopakwa grisi. Kwa macho yaliyofumbwa, watoto wakishangilia. Mpini wa kwanza ulimteleza, akasema uongezwe meno, Mchoraji akauongeza. Wa pili ulikaba, ukalegezwa. Mchoraji alikaa upande wa pili na saa mkononi, akitaja muda uliotumika kila mara, na kila ulipopungua walipigana viganja kama wachezaji wa mpira.

Baadaye kampuni ilipotaka waendeshaji wote wafundishwe, nani mwingine angewafundisha? Spana alizunguka mtambo hadi mtambo, kwa moyo mweupe, akiwaonyesha.

*

Jioni Mchoraji alikawia kuliko kawaida. Aliingia na mkate na pakiti ya biskuti za watoto, vitu ambavyo hakuna aliyemwagiza.

"Nimesikia," alisema akiwa bado mlangoni. "Nimeishiwa nguvu. Kweli nimeishiwa nguvu."

Spana aliinuka kumpokea mkate. "Usijitese, shemeji. Kazi ni kazi. Mimi bado kijana, nina mikono."

"Sijui hata niseme nini."

"Usiseme kitu. Kaa ule."

Wakakaa. Spana ndiye aliyezungumza zaidi, akiwaigiza wenzake walivyopanga foleni getini na fulana zilizotoboka, hata watoto wakacheka, na Mchoraji naye akacheka kidogo, macho kwenye sahani. Mkewe alikuwa anagawa mboga. Kitu kilimkwaruza moyoni, akakisukuma. Mumewe alikuwa mtu wa maswali. Ukimwambia bomba la jirani limepasuka, atauliza limepasukia wapi, tangu lini, limeunganishwa na nini. Jioni ile watu waliofanya kazi naye miaka yote walikuwa wametupwa nje, na yeye hakuuliza hata swali moja.

*

Aliyemfumbua dada yake Spana macho alikuwa mke wa dereva wa meneja. Alikuja kusukwa kwa ajili ya uzinduzi wa filta, kwa kuwa kampuni ilikuwa inaandaa hafla, wateja wakubwa wataalikwa, na wafanyakazi wameambiwa waje na wake zao.

"Wewe utavaa nini?" aliuliza akiwa ameinamisha shingo. "Lazima upendeze. Mumeo ndiye bwana harusi siku ile."

"Mimi sina hamu ya hafla. Mdogo wangu yuko ndani hapo hana kazi."

"Ndiyo, na pole. Ila angalau nyinyi mlijua mapema, mkajiandaa. Wenzake wameshtukizwa."

"Tulijua nini?"

Shingo ya mke wa dereva ikakakamaa. "Nilidhani..."

"Tulijua nini, dada yangu?"

"Mimi sitaki kugombanisha watu."

"Umeshaanza. Malizia."

Yule mwanamke alishusha sauti, ingawa barazani walikuwa wao wawili tu. Mumewe alikuwa anawaendesha meneja na Mchoraji kwenda machimboni kuonana na wateja. Dereva haonekani na watu akiwa ameshika usukani, wanaongea mbele yake kama wanaongea mbele ya kiti. Meneja alisema wazi kwamba filta ikikamilika, kikosi cha huduma hakina maisha. Akauliza, "Si una shemeji yako mle?" Mchoraji akasema, "Niachieni kwanza nimalize naye majaribio, ana mkono mzuri. Baada ya hapo mtaendelea na utaratibu wenu."

"Hiyo ilikuwa lini?"

"Kabla ya mvua. Mvua zilipoanza gari dogo halikufika tena machimboni. Mimi nilikuwa nawaona hapa mnacheka na mjomba wa watoto, nikasema, hawa wameshaelewana. Nisamehe."

Msusi aliendelea kusuka. Hakuwa na la kufanya. Kichwa cha watu kilikuwa nusu. Aligawa nywele, akavuta, akakunja, na huku akili yake inarudi kwenye siku moja ya mvua kubwa.

Siku ile paa lilivuja juu ya meza, wakahamisha michoro mbiombio, wote wanne wa familia na Spana. Katikati ya hekaheka hiyo Spana akatoa habari yake. Karakana ya reli walikuwa wamemwita. Kazi ya kudumu, nyumba ya wafanyakazi, aanze mara moja. Alikuwa na mchumba, mshonaji nguo, na wajomba wa binti walishaanza kuuliza huyu bwana ataishi na mtoto wao kwa shemeji mpaka lini. Mchoraji alishika michoro iliyolowa, akasema, "Baki, shemeji. Filta hii ikiingia sokoni, aliyeijaribu atakuwa mtu mkubwa mle ndani. Usiache mbio karibu na utepe." Spana akasita. Ndipo Mchoraji alipomgeukia mkewe, akatabasamu, akasema, "Mwambie na wewe. Wewe anakusikiliza."

Naye akamwambia. Alimshika mdogo wake mkono, ule wenye baka, akasema, "Msikilize shemeji yako, anajua mambo ya pale. Baki." Spana akabaki.

Alipomaliza kusuka alimpa mke wa dereva kioo. Yule mwanamke alijitazama, akashukuru, akaondoka haraka bila kuuliza tena nguo ya hafla.

*

Alimkuta mumewe chumbani Jumamosi mchana, anajaribu suti mpya mbele ya kioo cha kabati. Spana alikuwa ametoka kwenda karakana ya reli, na watoto walikuwa nje. Alifunga mlango, akaegemea.

"Kwenye gari, kabla ya mvua, ulimwambia nini meneja?"

Mchoraji hakugeuka. Alimtazama kupitia kioo. Alifungua kifungo cha koti, akakifunga, akakifungua tena.

"Nani amekwambia?"

"Kwa hiyo ni kweli."

"Sikiliza, mama watoto. Ilikuwa imeshaamuliwa. Hata ningepiga kelele—"

"Sijakuuliza kuhusu kelele. Ulimwambia mdogo wangu?"

"Ningemwambia, habari zingevuja kikosi kizima. Wangegoma. Meneja angejua zimetokea kwangu, na leo sote wawili tungekuwa tumekaa hapa. Watoto wangekula nini?"

"Ungemwacha aende reli. Hukuwa na haja ya kusema neno. Angeenda mwenyewe, kwa miguu yake, akicheka."

Mchoraji akakaa kitandani, suti ikakunjamana. "Nilihitaji mikono yake. Mle ndani wengine wangevunja kielelezo siku ya kwanza. Mpini ulikuwa bado haujakaa sawa. Nilijisemea, ikikamilika tu nitamwombea nafasi ofisini."

"Ulimwombea?"

"Nilikuwa nasubiri wakati mzuri."

"Ulimtumia."

"Usiseme hivyo."

"Nipe neno jingine basi, nitumie hilo."

 Nje mtoto mdogo alikuwa anamlilia mwenzake ampishe kwenye bembea ya tairi. Mama yao alisubiri kilio kikome, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo mumewe hakuwahi kuisikia:

"Na mimi je? Ulinigeukia ukaniambia, mwambie na wewe. Ulijua mdomo wako hautoshi, ukaazima wangu. Mtoto yule nilimbeba mgongoni nikiwa sijajua hata kufunga kanga vizuri. Hajawahi kunishuku katika maisha yake. Ukanifanya nimfunge kamba kwa mikono yangu mwenyewe."

"Nisamehe."

"Si mimi wa kuanza kuombwa. Utamwambia."

"Hafla ni wiki ijayo. Acha ipite, nikae naye kiume, taratibu—"

"Leo. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na mimi sitachagua maneno."

*

Spana alirudi jua likielekea kuzama, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati lake la ibada. Walimngoja wakala pamoja, wali na maharage, na watoto wakapelekewa chao barazani.

"Reli wameshachukua mtu mwingine," alisema akinawa. "Nafasi imejaa. Mlinzi hata kivulini hakutaka nikae, ananiambia nayazibia njia magari. Njia yenyewe ungeweza kupitisha kichwa cha treni." Akacheka peke yake. "Lakini yupo msimamizi mmoja, ameniambia kama nina mtu wa kunisemea, nirudi naye Jumatatu. Nikakufikiria wewe, shemeji. Jina lako sasa hivi linatembea. Ukisimama pale na ile suti, ukasema huyu ndiye niliyefanya naye kazi, hawatanikatalia."

"Nitakwenda," Mchoraji akasema upesi. "Jumatatu asubuhi. Nitakwenda."

Spana akashusha pumzi. "Nilijua tu. Nimemwambia mchumba wangu hivyo hivyo, nimemwambia, shemeji yangu hawezi kuniacha."

Msusi aliweka kijiko chini. "Mwambie kwanza."

"Tule kwanza, mama watoto."

"Mwambie."

Spana aliwatazama wote wawili, tabasamu bado limemganda usoni kama kitu alichosahau kukivua. Mchoraji alifuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Alisema kwa sentensi fupi, akiruka ruka. Meneja alimdokezea mapema. Alifikiri wangebadili mawazo. Alitaka kumsaidia. Spana alisikiliza bila kumkatiza. Alipoona maneno yamekwisha, aliuliza jambo moja tu.

"Siku ile paa lilivuja. Uliponiambia nibaki. Ulikuwa umeshajua?"

Mchoraji akatafuta pa kuweka macho.

"Nilikuwa najua."

Spana akaitikia kwa kichwa, taratibu. Kisha akamgeukia dada yake, na hapo ndipo palipomuuma msusi kuliko pote, kwa sababu mdogo wake alimtazama kama mtu anayepima kama daraja litambeba.

"Na wewe, dada?"

"Sikujua. Nimejua juzi, kwa mdomo wa mtu wa nje. Haki ya Mungu sikujua."

 Spana alimwamini mwishowe, lakini ilimbidi afikirie kwanza, na huko kufikiria kulikuwa kitu kipya kati yao.

"Shemeji," Mchoraji akasema, "nimekukosea. Jumatatu bado nitakwenda na wewe. Nitasema yote unayotaka."

"Hapana." Spana aliinuka na sahani yake, bado ina chakula. "Unajua ninachokiona sasa hivi? Nakuona umekaa hapo hapo, na saa mkononi. Mimi nafungua, nafunga, nafungua, nafunga, na wewe unanisifu. Ulikuwa unanipima ninavyojifukuza kazi haraka."



Spana aliondoka asubuhi yake, akaenda kujibanza kwa mwenzake wa kikosi. Watoto walimfuata hadi kona wakimuuliza atarudi lini, akawaambia mjomba anatafuta kazi, kazi ikipatikana atawaletea pipi. Dada yake alimbebea begi mpaka barabarani. Alitaka kumwomba msamaha, akaanza mara mbili, na mara zote mbili Spana akamkatiza kwa kumuuliza kama mashati yake yote yako ndani ya begi.

*

Hafla ilifana. Mchoraji alipigwa picha ameshika filta yake, meneja amemkumbatia bega, na kwenye kiti kilichotengwa kwa ajili ya mkewe wakaweka mikoba ya wageni. Alipandishwa cheo, akapewa ofisi yenye mlango wake. Paa likatengenezwa. Mkewe hakumfukuza wala hakuondoka. Alipika, alifua, alizungumza naye habari za ada na homa za watoto, na akaendelea kusuka barazani. Ila alipotaka ushauri hakumuuliza tena, na mumewe alipomweleza jambo la kazini, alimsikiliza kama mtu anayemsikiliza wakala wa kuuza viwanja. Mchoraji alilijua hilo. Mara nyingine alisimama mlangoni pa jikoni akimwangalia, akasubiri aulizwe anataka nini, na alipoulizwa, akasema maji.

Spana alihangaika kwa muda mrefu. Alibeba matofali, akaosha magari, akauza baadhi ya vifaa vyake. Wajomba wa mchumba walirudisha posa, binti akakataa irudishwe, kukawa na maneno. Mwishowe akapata kazi kwenye mgodi wa mbali sana, mshonaji akamfuata, wakafunga ndoa kimya kimya, wageni wachache. Msusi alisafiri na watoto kwenda kushuhudia. Hakuna aliyeuliza mume wako yuko wapi.

Kisha jioni moja Spana akapiga simu. Watoto walirukia, ikabidi mama yao aweke sauti ya nje ili kila mtu asikie, simu isigombaniwe. Mchoraji alikuwa mezani na michoro yake, akaacha kalamu. Spana alicheka na watoto, akawauliza ya shule, akasema mkewe ni mjamzito na anatapishwa hata na harufu ya maji. Nyumba nzima ilichangamka kwa sauti ile.

"Na kazi?" dada yake akauliza.

"Kazi nzuri. Wameleta mitambo mipya, dada. Leo nimeenda kubadilisha filta, nafika kwenye tangi, nakuta ni ile ile. Mpini wenye meno, vali ya springi, kila kitu."

Mchoraji aliinua kichwa. Alisogeza kiti kidogo karibu na simu.

"Inafanyaje kazi?" msusi akauliza, maana alimwona mumewe anataka kuuliza, naye hakutaka aulize.

"Vizuri sana. Haivuji hata tone. Wenzangu wameipenda, wanasema aliyeifikiria hii aliwahurumia mafundi. Wakaniona naifungua bila hata kuangalia, mmoja akaniuliza, wewe mbona umeizoea hivyo, unamjua aliyeichora?"

Msusi alinyoosha mkono aizime sauti ya nje. Alichelewa.

"Nikamwambia simjui."